Magurudumu mawili ao matatu? Kwa nini chukudu ya Masisi imebaki vile iko

Kwenye milima ya Masisi, chukudu inashusha viazi, maharage na makala kwenye njia ambazo kamio nyingi haziwezi kupita. Mutu anayeiona mara ya kwanza anauliza swali moja: chombo kinachobeba mzigo mkubwa namna hii, kwa nini kiko na magurudumu mawili paka? Kwa nini hawakuongeza la tatu ili kisianguke? Jibu liko ndani ya njia yenyewe. Na linaonyesha pia kwa nini huko Walikale chukudu inashindwa pale ambapo Masisi inashinda.

Asubuhi kwenye mteremko

Kabla jua halijatoka vizuri, barabara inayotoka Mushaki kushuka Sake inaanza kupata sauti yake. Ni sauti ya mbao juu ya mawe. Mwendeshaji amesimama juu ya chukudu yake, mikono yote miwili kwenye usukani, mguu mmoja tayari nyuma juu ya freni. Mbele yake kuna magunia ya viazi yaliyofungwa kwa kamba za mpira, na juu ya magunia kuna mashu. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande mwingine ni bonde. Katikati, kamio zimechimba mifereji miwili mirefu, na mvua ya jana imeacha maji ndani.

Anachagua mstari mmoja tu, labda upana wa viganja viwili, kati ya mfereji na mawe. Gurudumu la mbele likipita hapo, la nyuma litafuata palepale. Akifika Sake, kunabaki kilomita kama 25 za barabara mpaka Goma, na huko tambarare inaanza kazi nyingine: kupiga goti moja kwenye ubao na kusukuma chini kwa mguu wa pili.

Kwa familia nyingi za Masisi, huo mstari mwembamba njo chakula cha jioni, njo karo ya watoto shuleni. Chukudu haiombi mafuta ya petroli. Inaomba nguvu, akili na goti zima.

Chombo kilichozaliwa katika shida

Chukudu ilianza kuonekana Kivu ya Kaskazini miaka ya 1970, wakati uchumi wa Zaire ulikuwa unaanguka na magari pamoja na vipuri vilikuwa vinapotea. Watu walikuwa na miti, walikuwa na mafundi wa mbao, na walikuwa na mizigo ya kufikisha sokoni. Wakatengeneza walichoweza.

Umbo lake halijabadilika sana. Ni ubao mrefu na mnene, mara nyingi unafika karibu metre mbili. Mbele kuna usukani wa mbao unaozunguka. Magurudumu ni ya mbao ngumu, yamezungushiwa mpira uliokatwa kwenye tairi za gari zilizochakaa. Fundi wengine wanaweka resori mbele ili mikono isipigwe sana na mawe. Juu ya ubao kunapigiliwa kipande cha mpira ao ndala ya zamani, mahali pa kuweka goti. Nyuma, juu ya gurudumu, kuna kipande kingine cha mpira: hiyo njo freni. Ukikanyaga, mpira unasugua gurudumu.

Chombo hicho, kikiwa na mwendeshaji aliyezoea, kinaweza kubeba kilo mia tatu na hata zaidi. Katika muji wa Goma watu wamekipa heshima ya pekee: tangu mwaka 2009, kwenye mzunguko wa barabara unaoitwa kwa jina lake, kuna sanamu ya rangi ya zahabu ya mwendeshaji akisukuma chukudu yake. Miji mingine inasimamisha sanamu za wakubwa na askari. Goma ilimsimamisha mubeba mizigo.

Mawili kwenye mstari mmoja

Sasa turudi kwenye swali. Chombo chenye magurudumu mawili, moja nyuma ya lingine, hakiwezi kusimama peke yake. Kila mutu anajua: ukiacha chukudu bila kuiegemeza kwenye ukuta ao kijiti, inalala chini na mzigo wake. Hiyo inaonekana kama kosa. Lakini kosa hilo linalipwa na faida tatu.

Faida ya kwanza ni njia. Magurudumu mawili yaliyo kwenye mstari yanahitaji alama moja tu kwenye udongo. Gurudumu la nyuma linapita pale ambapo la mbele limeshapita na kukandamiza. Kwenye njia ya kilima, ambako wakati mwingine sehemu nzima ya kupita haifiki nusu metre, alama moja inatosha. Alama tatu hazipatikani.

Faida ya pili ni mteremko wa upande. Barabara za Masisi haziko sawa. Mara nyingi zinainama kuelekea bonde. Chombo chenye magurudumu matatu kikipita pale, kinainama pamoja na barabara, na mzigo unainama vilevile. Chukudu haifuati mwinamo wa barabara. Mwendeshaji anaishika ikiwa imesimama wima, hata kama udongo chini yake umelala upande. Uzito wote unaendelea kushuka juu ya ule mstari mmoja.

Faida ya tatu ni kona. Mutu yeyote aliyepanda baiskeli anaijua bila kufundishwa: kwenye kona unainama kidogo kwa ndani, na chombo kinageuka kwa utulivu. Ukianza kuanguka kushoto, unapeleka usukani kidogo kushoto, na magurudumu yanarudi chini yako. Mwendeshaji wa chukudu anafanya hivyo mara nyingi kwa dakika moja bila kuhesabu. Njo maana chukudu inayotembea ni tulivu kuliko chukudu inayosimama, na njo maana vijana wanaojifunza wanaanguka zaidi wakati wa mwendo mdogo kuliko wakati wa mwendo wa kawaida.

Kwa maneno mengine, gurudumu la tatu halikusahauliwa. Mwili wa mwendeshaji njo gurudumu la tatu.

Matatu: inasimama vizuri, lakini inapinduka namna yake

Vyombo vya magurudumu matatu viko, na vinafanya kazi kubwa. Ndani ya Goma, moto za magurudumu matatu zenye sanduku nyuma zimechukua sehemu ya kazi ya chukudu kwenye barabara za lami: zinabeba simenti, bidoni za maji, vyombo vya nyumba za watu wanaohama. Na kwenye barrière ndogo, mpaka kati ya Goma na Gisenyi, watu wengi wenye ulemavu wa miguu wamejenga biashara yao juu ya vigari vya magurudumu matatu vinavyozungushwa kwa mikono. Kwa mutu ambaye hawezi kutumia miguu yake kushika usawa, gurudumu la tatu si anasa. Ni uhuru: unapakia, unasimama kwenye foleni, unaongea na watu wa forodha, na chombo kinabaki kimesimama.

Kwa hiyo magurudumu matatu yako na haki yake. Yanafaa mahali ambapo pana, ambapo sawa, na ambapo mutu anasimama mara nyingi.

Shida inaanza kwenye mlima. Chombo cha magurudumu matatu hakiinami kwa ndani kwenye kona. Kikigeuka kwa mwendo, mzigo unasukumwa kwa nje, na kama umepangwa juu sana, gurudumu la ndani linanyanyuka. Kile chenye gurudumu moja mbele na mawili nyuma kinapinduka kwa urahisi zaidi pale mwendeshaji anapokanyaga freni huku anageuka, kwa sababu uzito unakimbilia mbele, na mbele kuna mguu mmoja tu wa kuushika.

Tena kuna hii: chukudu ikianza kuanguka, inamwambia mwendeshaji mapema. Anaihisi kwenye mikono na kwenye kiuno. Chombo cha magurudumu matatu kinanyamaza muda mrefu, kinaonekana salama, halafu kinapinduka mara moja.

Watu wa bahari wamejadili jambo hilohilo

Swali hili si la Kivu tu. Mbali na hapa, kwenye bahari kubwa, kuna watu wanaosimama juu ya ubao na kuteleza juu ya mawimbi. Chini ya ubao huo, upande wa nyuma, kunawekwa pezi, kama pezi la samaki, ili ubao usiteleze ovyo upande. Kwa miaka mingi pezi lilikuwa moja. Lilifanya ubao uende mstari mrefu na wa utulivu, lakini kwenye kona kali, juu ya wimbi lililosimama, ubao ungeweza kuponyoka.

Mwaka 1981, Simon Anderson wa Australia alishinda mashindano makubwa akiwa juu ya ubao wa mapezi matatu aliotengeneza mwenyewe. Mapezi mawili ya pembeni yaliuma maji vizuri wakati wa kugeuka. Watu wengi wakamfuata, na mpaka leo ubao mwingi wa mashindano uko na mapezi matatu. Lakini pezi moja halikufa. Kwenye ubao mrefu, juu ya mawimbi ya taratibu, wengi bado wanalipenda, kwa sababu kila pezi linaloongezwa linaleta pia ukinzani ndani ya maji.

Somo lao linafanana na la Masisi. Hakuna idadi ambayo ni bora kila mahali. Kinachoongeza kushika kwenye kona kinaongeza pia uzito wa kuvuta. Wimbi njo linachagua pezi. Huku kwetu, mlima njo unachagua gurudumu. Tofauti ni kwamba mutu wa bahari akianguka, mara nyingi anaangukia maji. Mwendeshaji wa Mushaki anaangukia mawe, na magunia yake yanakuja nyuma yake.

Walikale: pale gurudumu linapozama

Ukipita Masisi-centre, ukashika njia ya Nyabiondo na kuendelea kuelekea Kashebere, nchi inabadilika. Malisho ya ng'ombe yanabaki nyuma. Barabara inashuka kuingia katika msitu wa Walikale, mvua ni nyingi, na kivuli cha miti hakiachi udongo ukauke. Hapo chukudu zinapungua, na sababu yake ni hesabu ndogo.

Chukudu, mzigo na mwendeshaji, pamoja wanaweza kufika kilo 400. Kwenye magurudumu mawili, kila moja linabeba kama kilo 200 juu ya sehemu ndogo ya mpira mwembamba. Juu ya jiwe la Masisi, ambalo mara nyingi ni gumu, hiyo haina shida. Juu ya tope la msitu, ni kisu. Gurudumu linakata na kuzama.

Je, la tatu lingesaidia? Kidogo. Kila gurudumu lingebeba kama kilo 130, lakini lile la pembeni lingekata alama yake mpya katika tope, na mutu angesukuma kufungua njia zaidi ya moja kwa wakati mmoja. Kinachotafutwa katika tope ni gurudumu pana zaidi na refu zaidi. Gurudumu la chukudu lenye sentimita 40, likikutana na mzizi wenye kimo cha sentimita 10, linakuta ukuta unaofika nusu ya safari kutoka chini mpaka katikati yake. Gurudumu la moto, ambalo ni kubwa zaidi, linaupanda mzizi huohuo bila shida sana. Njo maana katika Walikale moto inafika mahali ambapo chukudu haifiki.

Na mahali ambapo hata moto ilishindwa, mgongo wa mutu ulibaki. Wakati wa miaka mikubwa ya kasiteriti pale Bisie, kabla ya barabara ya mgodi kujengwa, wabebaji walitoa magunia ya madini ya kilo 50 hivi kwa miguu, siku mbili msituni, mpaka Njingala. Kutoka hapo mzigo ulifika Kilambo, ambako ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya kipande cha barabara ya lami, kwa sababu njia ya kufika Goma kwa magurudumu ilikuwa mbaya mno. Barabara iligeuka kiwanja cha ndege, na mutu akageuka barabara.

Hatari haiko kwenye hesabu ya magurudumu

Wanaotafuta usalama wa waendeshaji wa chukudu mara nyingi wanaangalia magurudumu. Wangetazama kwanza freni na mzigo.

Chukua mteremko unaoshuka metre moja kila metre kumi. Katika Masisi huo si mteremko wa kutisha. Chukudu ya kilo 400 kwa jumla inavutwa chini pale kwa nguvu inayolingana na gunia la kilo 40 lililoning'inizwa kwa kamba, halichoki na haliachi. Kipande kimoja cha mpira nyuma njo kinalishika. Na kama mwendo unaongezeka mara mbili, freni inapaswa kumaliza nguvu mara nne ili chombo kisimame. Mpira unapata moto, unalainika, unateleza. Gurudumu likiwa limelowa, linashika vibaya zaidi.

Kuna jambo lingine lisiloonekana haraka. Wakati wa kushuka na kufunga freni, uzito unahamia mbele. Gurudumu la nyuma, lile lenye freni, linabaki jepesi, na linaanza kuburuza badala ya kushika. Waendeshaji wazoefu wanalijua hilo kwa mwili: wanapanga vitu vizito chini na kuelekea nyuma, na wenyewe wanarudisha kiuno nyuma wanaposhuka. Anayepanga makala juu sana na mbele sana ameondoa nusu ya freni yake kabla hajaondoka nyumbani.

Lakini kwa nini mutu anapakia kupita kiasi, wakati anajua? Kwa sababu safari iko na gharama ambazo hazifuati uzito. Vijana wa kusaidia kusukuma kwenye mpando wanataka kulipwa. Kwenye vizuizi, wanaoshika silaha wanataka chao. Siku barabara imefungwa na mapigano, hakuna kinachoingia nyumbani. Siku imefunguka, mutu anataka kubeba ya siku tatu kwa mara moja. Gunia la ziada linalomwangusha kwenye kona lilipakiwa na vita na vizuizi kabla ya kupakiwa na mikono yake.

Tena, vita vimegeuza thamani ya chombo hiki. Kila mara kamio zinaposimama, chukudu njo inabaki kati ya shamba na soko. Wakaaji wengi waliokimbia Masisi walisukuma juu ya ubao huo godoro, sufuria, mbuzi na mzee asiyeweza kutembea.

Ya kuangalia kabla ya kushuka

Kwa mwendeshaji, na kwa mzazi ambaye mtoto wake ameanza kazi hii, mambo haya yanaokoa maisha kuliko gurudumu la tatu:

Freni. Mpira ukiwa umeisha mpaka mbao zinaonekana, usishuke. Kubadilisha kipande cha tairi ni bei ndogo kuliko matunzo ya mguu uliovunjika.

Gurudumu. Lipige kwa jiwe dogo na usikilize. Mbao nzima inatoa sauti kavu. Iliyopasuka inatoa sauti iliyofifia. Gurudumu la mbele likipasuka kwenye mteremko, hakuna ufundi unaosaidia.

Mzigo. Vizito chini, vyepesi juu, pande zote mbili sawa. Kamba ifungwe tena baada ya kilomita ya kwanza, kwa sababu magunia yanakaa na kamba inalegea.

Mwendo. Anza kufunga freni kabla ya mteremko kuwa mkali. Ukingoja chombo kikimbie, umechelewa.

Nafasi. Chukudu ikifuata nyingine kwenye mteremko, iache urefu wa kutosha. Wa mbele akianguka, wa nyuma hana freni ya kusimama papo hapo.

Umri. Mtoto wa miaka 12 anaweza kusukuma chukudu tupu. Hawezi kuishika ikiwa na kilo 300 kwenye kona. Uzito wake hautoshi kuwa lile gurudumu la tatu.

Barabara njo fundi wa kwanza

Mafundi wa mbao wa Masisi hawakukosa akili ya kuongeza gurudumu. Walitengeneza chombo kinachofaa njia waliyopewa: nyembamba, iliyoinama, yenye mawe. Siku njia itakuwa pana na mifereji ya maji ikachimbwa pembeni, magurudumu matatu, hata manne, yatapanda kutoka Sake mpaka Masisi bila kuombewa, na viazi vitafika Goma bila mutu kuharibu goti lake akiwa bado kijana. Siku tope la Kashebere litapata mawe na madaraja, Walikale nayo itachagua magurudumu yake.

Kabla ya siku hiyo, kila asubuhi, usawa wa kilo mia nne utaendelea kushikwa na mikono miwili, kiuno kimoja na kipande cha tairi ya zamani. Anayekutana nao kwenye kona, awe na moto ao na kamio, awaachie ule mstari mwembamba. Hawana mwingine.